Mume Aliuliza Habari za Mtoto, Akajibiwa Habari za Mama



Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 13, yumo mume mmoja ambaye ni nadra kumsikia akihubiriwa. Jina lake ni Manoa, wa kabila la Dani. Mkewe alikuwa tasa. Siku moja malaika alimtokea yule mama akamwambia kwamba atapata mtoto wa kiume, na papo hapo akampa masharti ya kula na kunywa: asiguse divai wala kileo, asile kilicho najisi. Mama alipomweleza mumewe, Manoa hakusema kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Alimwomba Mungu amrudishe yule mjumbe ili awafundishe wote wawili. Malaika akarudi, na Manoa akauliza swali la baba yeyote mwema: mtoto huyu tumlee namna gani, na kazi yake itakuwa nini?

Jibu alilopata linashangaza. Malaika hakusema neno juu ya shule ya mtoto wala urithi wake. Alirudia tu kwamba yote aliyomwambia yule mwanamke yashikwe. Mume aliuliza habari za mtoto, akajibiwa habari za mama.

Nimelikumbuka somo hili kwa sababu ya barua ya bwana mmoja wa Kitengela. Mkewe alijifungua mtoto wao wa kwanza, msichana, akiwa na uzito wa kilo 2.1, ingawa miezi ilikuwa imetimia. Mama mzaa baba alipofika kumwona mjukuu alisema kwamba katika ukoo wao watoto huzaliwa wakubwa, na kwamba yafaa kuchunguza huyu ni wa nani. Bibi wa upande wa mke, anayeishi ndani kule Kajiado, alisema mtoto ni mdogo kwa sababu mjukuu wake alitii shauri akala kidogo, na kwamba hilo ni jambo jema. Mke mwenyewe akasema sababu ni ugomvi. Bwana huyu anakiri kwamba alipoteza kazi ya kiwandani mkewe akiwa na mimba ya miezi minne, kwamba kodi ya nyumba iliwashinda, kwamba alianza kurudi usiku wa manane, na kwamba mara mbili alimpiga. Anauliza: ni nani mwenye kosa?

Ndugu yangu, hili la ukoo nalimaliza upesi. Uzito wa mtoto si ushahidi wa baba. Mimba ya kwanza mara nyingi huleta mtoto mwepesi kuliko wanaomfuata, wasichana huwa wepesi kidogo kuliko wavulana, na umbo la mama lina nguvu sana katika jambo hili. Mwambie mama yako kwa heshima, lakini umwambie wewe mwenyewe, usimwachie mkeo kazi ya kujitetea akiwa kitandani mwa uzazi.

Sasa tuje kwenye ugomvi na njaa. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya gramu 2,500 ni mwepesi mno. Si jambo la kupita tu. Mtoto kama huyo hupata baridi upesi, huambukizwa upesi, na hatari ya kufa katika mwezi wa kwanza ni kubwa kuliko ya mwenzake wa kilo 3. Mnamo 1989 daktari wa Uingereza, David Barker, na wenzake walionyesha kwamba wanaume waliozaliwa wepesi katika jimbo la Hertfordshire walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo walipokuwa watu wazima. Kumbe miezi ile tisa humfuata mtu hata uzeeni.

Je, ugomvi wa sebuleni unamfikiaje mtoto aliye tumboni, ambaye hajui hata lugha tunayogombania? Unamfikia kwa njia ya damu. Mwili una wajumbe waitwao homoni. Homoni hutengenezwa na tezi, huingia katika damu, na hupeleka habari kwenye viungo vya mbali. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Mtu akipatwa na hofu, iwe ni simba aliyeingia bomani au mwenye ploti aliyetia kufuli mlangoni, ubongo huziamuru tezi hizo zitoe homoni iitwayo kotisoli. Sukari huongezeka katika damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Kazi zisizo za haraka, kama kukua, huwekwa kando. Hofu ikipita, kotisoli hushuka, na mwili hurudi katika kazi zake.

Msidhani basi kwamba kotisoli ni sumu. Katika kila mimba homoni hii hupanda, na katika majuma ya mwisho ndiyo inayosaidia mapafu ya mtoto kukomaa apate kuvuta pumzi ya kwanza. Ndiyo sababu mama anayeelekea kuzaa kabla ya wakati huweza kudungwa sindano ya dawa ya jamaa ya homoni hii. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2020, ambao Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi tano zilizohusika, ulionyesha kwamba sindano hiyo ikitolewa hospitalini kwa uangalifu hupunguza vifo vya watoto wachanga wa namna hiyo.

Tena Muumba ameweka bawabu mlangoni. Katika kondo la nyuma kuna kimeng'enya ambacho huigeuza sehemu kubwa ya kotisoli ya mama iwe kitu kisicho na nguvu kabla haijamfikia mtoto. Hivyo mama anaweza kushtushwa na radi, au akapata habari ya msiba, na mtoto asidhurike. Akina mama wenye mimba wanaosoma ukurasa huu wasianze kuogopa kuogopa! Hatari ni pale hofu inapokuwa mkate wa kila siku. Bawabu yule ana kipimo cha nguvu zake. Kotisoli ikizidi siku baada ya siku, nyingine hupita, na kazi ya kukua hupungua kasi. Hata kondo lenyewe huweza kuongeza homoni nyingine ambazo huharakisha uchungu wa kuzaa kabla ya wakati. Na wataalamu waliochunguza wanyama wameona kwamba mama akinyimwa chakula cha kujenga mwili, yaani protini, bawabu huyo hudhoofika. Kwa hiyo njaa na hofu zikikutana katika nyumba moja, kila moja huifungulia nyingine mlango.

Maandiko yalikwisha kuona jambo hili kwa macho matupu. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 4, mke wa Finehasi alikuwa mjamzito karibu na kujifungua. Alipopata habari kwamba Sanduku la Agano limetekwa, na kwamba mkwewe na mumewe wamekufa, uchungu ulimshika hapo hapo. Alizaa, naye akafa.

Jirani zetu wa mashariki ya Kongo wametufundisha zaidi kwa mateso yao. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya katika hospitali ya HEAL Africa mjini Goma. Waliwauliza akina mama 25 waliojifungua hapo juu ya vita, juu ya mateso waliyoyapata, na juu ya taabu za kila siku, kisha wakapima watoto wao. Akina mama walioteswa zaidi walizaa watoto wepesi zaidi. Katika damu ya watoto hao watafiti waliona pia alama za kikemikali juu ya jeni ile inayotengeneza mlango wa kuipokea kotisoli katika seli. Akina mama 25 ni wachache, na haifai kujenga nyumba nzima juu ya msingi huo mdogo. Lakini tafiti nyingine katika nchi mbalimbali zimeona pia kwamba wanawake wanaopigwa wakiwa na mimba huzaa watoto wepesi mara nyingi zaidi kuliko wasiopigwa.

Utasema Kitengela si Goma. Ni kweli, hapa hakuna mizinga. Ila tezi ya mama haina macho ya kutofautisha askari na mume. Mwanamke anayesikiliza hatua za viatu kwenye ngazi saa saba za usiku, asijue leo itakuwa ni salamu au ni kofi, anao mgambo wake ndani ya mwili unaolia usiku kucha.

Sasa nije kwa bibi yetu wa Kajiado, maana shauri lake nalo linahitaji kusikilizwa kabla ya kukataliwa. Katika jamii ya Wamaasai, kwa vizazi vingi, mama mjamzito hupunguziwa chakula, hasa katika miezi ya mwisho, ili mtoto asiwe mkubwa akakwama wakati wa kuzaliwa. Msicheke. Wakati ambapo hospitali ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu na hapakuwa na mtu wa kufanya upasuaji, mtoto aliyekwama alikuwa ni makaburi mawili. Wazee wale walikuwa wanaokoa maisha ya binti zao kwa silaha waliyokuwa nayo.

Lakini silaha hiyo haikati pale wanapodhani. Mtoto anaponyimwa chakula tumboni, mwili wake huupendelea ubongo. Kinachokonda kwanza ni mafuta, misuli na ini. Kichwa ndicho hulindwa hadi mwisho. Na kwa kawaida kinachokwama ni kichwa. Hivyo mama anayekaa na njaa anaweza kuzaa mtoto aliyekonda mwili lakini mwenye kichwa karibu kile kile, na yeye mwenyewe akaingia kwenye uchungu bila nguvu wala damu ya kutosha. Majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, wakati wa vita, watu wa magharibi ya Uholanzi walishikwa na njaa kali. Akina mama waliokuwa katika miezi ya mwisho ya mimba walizaa watoto waliopungukiwa, kwa wastani, gramu 300 hivi. Gramu 300 kwa mtoto wa kilo 2.6 si kitu kidogo. Nasi hapa Kajiado tulipitia ukame wa kati ya 2020 na 2023, mifugo ikafa kwa wingi, na maziwa yakawa haba hata penye boma lililokuwa na ng'ombe wengi. Kuongeza njaa ya hiari juu ya ile ya lazima ni kumwonea mtoto mara mbili.

Kwa hiyo, bibi aambiwe kwa upole, tena na mtu anayemheshimu: leo ulinzi wa mtoto kukwama ni kujifungulia mahali penye mganga wa upasuaji, kama Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado, na kuwa na nauli ya kumfikisha huko kabla mambo hayajaharibika. Mama na ale. Ugali na maharagwe, omena, mayai, maziwa, sukuma wiki, managu na terere vinatosha kumjenga mtoto pasipo anasa yoyote. Wapo pia wa upande wa pili, hasa mijini, wanaoshindilia soda na chipsi wakisema wanakula kwa ajili ya wawili. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama uiachie sukari ibaki katika damu ili mtoto apate sehemu yake. Mama ambaye mwili wake hauwezi kuimudu hali hiyo hupata kisukari cha mimba, na mtoto hulishwa sukari kupita kiasi akawa mkubwa mno. Huyo ndiye mtoto wa kukwama kwelikweli! Kisukari hicho hupimwa kliniki.

Narudi kwa swali la kosa. Ndugu yangu wa Kitengela, hakuna daktari awezaye kuchukua mtoto mmoja na kusema kwamba gramu hizi zilipotea kwa kofi, na hizi kwa njaa. Watoto wepesi huzaliwa pia na akina mama wanaopendwa na kushiba, kwa sababu ya upungufu wa damu, shinikizo la damu, mapacha, malaria, au sababu isiyojulikana kabisa. Kwa hiyo asitokee mtu kanisani akamtazama mama mwenye mtoto mdogo na kusema, kumbe kwao hakuna amani. Hilo lingekuwa dhambi nyingine juu ya jirani.

Ila wewe hukuniuliza habari za watoto wote. Umeniuliza habari za wako, na umeandika kwa mkono wako kwamba ulimpiga mama yake. Hata kama mtoto angezaliwa na kilo 4, ungekuwa na deni. Nenda kwa padre ukaungame. Lakini kuungama hakumwondolei mtu deni la kumwomba msamaha mkewe, tena mbele ya wale waliojua. Mtume Paulo, katika barua kwa Waefeso sura ya 5, anawataka waume wawapende wake zao kama miili yao wenyewe, na anaeleza kwamba mtu huulisha mwili wake na kuutunza. Ametaja kulisha! Naye Mtakatifu Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alifundisha kwamba wajibu wa baba huanza tangu uhai unapotungwa chini ya moyo wa mama. Basi ubaba wako haukuanza siku ya kumpokea mtoto wodini.

Na wewe mama unayesoma haya ukiwa umejifungia chumbani: kuvumilia kofi si sehemu ya viapo ulivyoapa altareni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inakulinda hata ndani ya ndoa, na nambari 1195 hupigwa bila malipo. Kanisa halikatazi mke kukimbilia mahali salama.

Kwa mume asiyepiga lakini asiyejua afanye nini, kazi zipo. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Boza likikosa kuja, uchukue wewe. Mkeo akifanya kazi ya kusimama mchana kutwa katika viwanda vya Athi River, akirudi akute moto umewashwa. Fuatana naye kliniki kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani hushauri mama aonwe angalau mara 8 katika mimba moja. Soma naye kile kijitabu cha mama na mtoto, uone uzito wake unavyopanda na kama amepewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Ukishajua, umkumbushe bila kumkaripia. Hakikisheni mmejiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mapema, si siku ya uchungu. Na ukipoteza kazi, mwambie siku hiyo hiyo. Wanaume wengi huficha ili mke asiwe na wasiwasi, lakini mke huuona uso, hajui kuna nini, na asilolijua humtisha kuliko deni lenyewe. Umaskini mnaoubeba wawili ni mzigo. Ule unaofichwa na mmoja huwa ni hofu kwa wote.

Elisabeti alipokuwa na mimba katika uzee wake alikaa ndani miezi mitano, na mumewe Zakaria alikuwa amefungwa ulimi. Mke wangu husema kwa mzaha kwamba huenda hiyo ndiyo mimba tulivu kuliko zote katika Biblia. Bikira Maria naye akaenda kukaa naye karibu miezi mitatu. Katika ploti zetu za Kitengela mama mjamzito mara nyingi yuko mbali na dada zake na mama yake. Akina mama wa jumuiya ndogondogo, mnajua ni mlango upi hamjabisha.

Kuhusu yule binti wa kilo 2.1, asiogeshwe maji baridi wala kupewa maji ya glukosi; anyonye maziwa ya mama peke yake, mara kwa mara, usiku na mchana. Aende kupimwa uzito kila anapoitwa. Na awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, akifunikwa kwa nguo juu. Njia hii ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978. Mwaka 2021 utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waliowekwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa walipungukiwa na vifo kwa robo moja. Kifua cha baba chafaa pia. Mama anapooga au kulala, vua shati, umpokee binti yako, ukae naye.

Wazazi wa watoto wadogo huniuliza pia kama wabatizwe wodini. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, abatizwe bila kukawia, na mtu yeyote mwenye nia ya Kanisa aweza kufanya hivyo kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kisha paroko aarifiwe ili aandikwe kitabuni. Lakini mtoto wa kilo 2.1 anayenyonya vizuri, anayelia kwa nguvu na mwenye joto mwilini hayumo katika hatari hiyo. Onaneni na katekista wenu katika majuma haya ya kwanza, chagueni msimamizi, mkamlete parokiani, bibi zake wote wawili wakiwepo.